Mgonjwa wa Moyo Asifungwe Kitini



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo katika nyumba nyingi za hapa Ilembo, na bila shaka katika nyumba zenu pia, hufanywa kwa nia njema kabisa, wala madhara yake hayaonekani upesi. Nalo ni namna tunavyomtunza mtu mzima aliyeambiwa na daktari kwamba moyo wake umeshindwa kufanya kazi yake ipasavyo.

Desturi yetu yajulikana. Baba au mama arudipo kutoka hospitali na mfuko wake wa dawa, watu wa nyumbani humpokea kwa huruma. Kiti chenye mto huwekwa barazani. Maji ya kunawa huletwa pale pale alipo. Jembe lake hufichwa, baiskeli yake hupewa kijana, na funguo za duka hukabidhiwa mtoto mkubwa. Akitaka kuinuka kwenda uani, watu watatu humrukia: "Baba, tulia! Usijichoshe!" Jirani ajaye kumjulia hali naye huongeza yake: "Pumzika, Mzee wangu, kazi yako umekwisha kuifanya." Basi hukaa. Hukaa tangu jua kuchomoza hata kuchwa. Akitoka kitini huenda kitandani, na akitoka kitandani hurudi kitini. Miezi mitatu ikipita, mtu aliyeshuka stendi akaja nyumbani kwa miguu yake hawezi tena kuufikia msikiti ulio nyumba kumi tu kutoka kwake. Nasi twasema, "Mnaona? Maradhi yamezidi."

Huenda ni kweli yamezidi. Lakini twataka wasomaji wetu wajue kwamba mara nyingi kilichozidi si maradhi ya moyo peke yake. Kilichozidi ni kule kukaa.

MOYO ULIOSHINDWA NI MOYO WA NAMNA GANI?

Watu wengi wakisikia maneno "moyo umeshindwa" hudhani kwamba moyo u karibu kusimama. Sivyo. Moyo ni msuli, na kazi yake ni kuisukuma damu iende mwili mzima. Msuli huo ukidhoofika, au ukikakamaa, damu haiendi kwa nguvu itakiwayo. Damu isipokwenda mbele vizuri, maji hurudi nyuma na kutuama: miguu huvimba, tumbo hujaa, na mapafu nayo hupata maji. Ndiyo maana mgonjwa hupumua kwa taabu, hulala kwa mito miwili au mitatu, na usiku huamka akitafuta hewa. Wengine mtaani husema "moyo umepanuka" au "moyo umejaa maji". Wote hao aghalabu hutaja maradhi haya haya.

Wala tusidhani kwamba haya ni maradhi ya wazee waliokwisha kula chumvi nyingi tu. Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, madaktari waliwachunguza wagonjwa 427 wa namna hii, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Umri wao wa kati ulikuwa kama miaka 55. Katika kila 100, wapatao 45 walikuwa wameharibiwa moyo na shinikizo la damu, yaani presha. Kama 28 na maradhi ya msuli wa moyo wenyewe. Na kama 12 na homa ya baridi yabisi ya utotoni, ile ianzayo kwa koo kuuma isipotibiwa, ikaja kuviharibu vilango vya moyo. Uchunguzi mwingine uliotangazwa mwaka 2012, wa wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, ulikuta umri wa wastani ni miaka 52. Kwa Wazungu wengi wa wagonjwa hawa wamekwisha kupita miaka 70. Huku kwetu ni baba mwenye watoto wangali shuleni, au mama aliyejifungua juzi, kwa maana moyo wa mwanamke waweza kudhoofika mwishoni mwa mimba au katika miezi ya mwanzo baada ya kuzaa.

Kwa hiyo mtu tumfungaye kitini si mtu aliyekwisha maliza safari yake. Aghalabu ni nguzo ya nyumba.

DESTURI HII HATUKUIBUNI PEKE YETU

Yafaa tuseme kwa insafu kwamba hata matabibu wenyewe zamani waliamini kitanda. Kwa miaka mingi mgonjwa aliyeshikwa na moyo ghafla alilazwa majuma kadhaa bila kuruhusiwa kuinuka, hata kula akalishwa. Mwaka 1952, huko Boston katika Marekani, madaktari wawili, Samuel Levine na Bernard Lown, walitangaza jambo lililowashangaza wenzao: waliwatoa wagonjwa wao kitandani mapema na kuwakalisha katika kiti. Siku zile kiti kilikuwa dawa mpya, kwa sababu kilikuwa hatua ya kukiacha kitanda. Hawakukusudia kiti kiwe kitanda cha pili.

Kisha yakaja majaribio yaliyoonyesha waziwazi kitanda kinafanya nini. Mwaka 1966, katika mji wa Dallas, vijana watano wenye afya, wa umri wa miaka 20, walikubali kulala kitandani majuma matatu. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kufanya kazi nzito ulikuwa umepungua zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye watu wale wale watano walipimwa tena, nao sasa wamekuwa watu wazima wa miaka 50. Ikaonekana kwamba majuma matatu ya kulala yalikuwa yamewapunguzia uwezo huo zaidi kuliko ile miaka 30 yote ya kuzeeka. Ndugu msomaji, hao walikuwa vijana wazima wasio na ugonjwa. Basi mgonjwa wa moyo aliyekalishwa mwaka mzima atakuwaje?

KUKAA HUMWUMIZAJE MGONJWA?

Hapa ndipo penye siri ya jambo lenyewe. Mtu mwenye moyo dhaifu akitembea huchoka na kuhema, nasi twadhani kuhema huko kwatoka moyoni tu. La. Sehemu yake kubwa yatoka katika misuli ya miguu na ya mwili. Msuli uliozoea kazi huitumia vizuri ile hewa safi iliyochukuliwa na damu. Msuli uliolala husinyaa, na hata ukipelekewa damu haujui kuitumia. Hapo moyo hudaiwa zaidi na mapafu huharakishwa.

Basi huja mzunguko mbaya. Mgonjwa ahema, kwa hiyo akaa. Kwa kuwa amekaa, misuli yake yasinyaa. Kwa kuwa imesinyaa, ahema upesi zaidi kuliko jana. Kwa kuwa ahema zaidi, akaa zaidi. Kila mzunguko ukipita, ulimwengu wake wapungua: kwanza aacha shamba, kisha soko, kisha msikiti, kisha ua, mwisho amebakiwa na chumba. Juu ya hayo, damu isiyotembezwa na misuli ya miguu yaweza kuganda katika mishipa, na bonge lake likapanda mapafuni. Na hiyo ni hatari kubwa. Nao moyo wa ndani, yaani roho ya mtu, huingiwa na huzuni na hofu, maana mtu asiyeachiwa kufanya lolote hujiona amekwisha kuwa mzigo.

Mazoezi hayamletei mgonjwa moyo mpya, wala tusimdanganye. Ila huifundisha tena misuli kazi yake, hivyo moyo ule ule dhaifu ukaweza kumpeleka mbali zaidi.

Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani, Kanada na Ufaransa kwa wagonjwa 2,331 wa moyo ulioshindwa. Wote walitumia dawa zao; nusu yao wakaongezewa mazoezi ya mpango, kwanza mbele ya wataalamu, kisha nyumbani. Watu walikuwa na hofu kwamba mazoezi yatawaua. Hayakuwaua. Wale waliofanya mazoezi walisema wajiona na hali bora kuliko wenzao, ingawa tofauti haikuwa kubwa, na palikuwa na dalili ya kupungua kidogo kulazwa na kufa. Hapa Afrika Mashariki nako kazi hiyo imeanza kujaribiwa: huko Eldoret, Kenya, wachunguzi walitazama kama wagonjwa wa moyo ulioshindwa waweza kufanya mazoezi ya mpango, wengine wakija hospitalini, wengine wakibaki majumbani kwao, na habari zake zikatolewa mwaka 2022.

Sisi wa Mpanda hapana budi tuitazame sana hiyo njia ya nyumbani. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, na ukipanda treni hapa, ukapita Kaliua na Tabora, ni safari ya zaidi ya kilometa 1,000. Mgonjwa hawezi kuifunga safari hiyo kila juma ili akafundishwe kutembea. Mwalimu wake wa mazoezi atakuwa ni mke wake, mume wake, mwanawe au mjukuu wake.

KWANZA DAKTARI, KISHA MIGUU

Tusieleweke vibaya. Hatusemi mgonjwa atoke kesho akakimbie barabarani, wala hatusemi mazoezi yachukue mahali pa dawa. Dawa za presha, dawa za moyo na zile za kutoa maji ziendelee kama zilivyoandikwa. Na mtu asiache hata kidonge kimoja kwa sababu siku hizi anajisikia vizuri. Kujisikia vizuri huko huenda ni kazi ya kidonge hicho.

Kabla ya kuanza, mgonjwa amwulize daktari wake, hapa kwetu katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi au mahali popote anapotibiwa. Amwulize maneno matatu: Je, hali yangu imetulia? Je, kuna kilango cha moyo kilichobana kiasi cha kunizuia nisifanye mazoezi? Je, nianze kwa kiasi gani? Hilo la pili ni muhimu hasa kwa vijana na kina mama wenye maradhi ya vilango, kwa sababu wengine hawapaswi kujichosha kabla ya kutengenezwa.

Zipo siku ambazo mgonjwa asifanye mazoezi, bali apumzike na kutafuta tabibu. Nazo ni hizi: akihema hali amekaa tu, miguu au tumbo likianza kuvimba upya, uzito wake ukiongezeka zaidi ya kilo mbili katika siku tatu, maana hayo huwa ni maji wala si nyama, akiwa na homa, akipata kizunguzungu, au moyo ukidunda ovyo ovyo. Kama yumo katika kutembea akapata maumivu ya kifua, au akataka kuzimia, asimame mara moja, akae, na apelekwe hospitali. Kwa sababu ya huo uzito, nyumba yenye mgonjwa wa namna hii yafaa inunue mzani, na mgonjwa ajipime kila asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kula, kisha aandike katika daftari.

KIASI CHAKE NA WAKATI WAKE

Aliyetulia na kupewa ruhusa aanze na dakika tano tu, asubuhi na jioni, mahali tambarare. Kutoka mlangoni hata mwembe wa jirani na kurudi, yatosha kwa juma la kwanza. Akiona si taabu, aongeze dakika moja au mbili kila baada ya siku chache, mpaka afike dakika 30 katika siku nyingi za juma. Si lazima ziwe mfululizo. Kumi asubuhi, kumi alasiri na kumi jioni ni 30 vile vile. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limewashauri watu wazima wapate dakika 150 hata 300 za mwendo wa wastani kwa juma, na likawaingiza wenye maradhi ya kudumu, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Likaongeza kwamba mwendo mdogo ni bora kuliko kukosa kabisa.

Mizani ya kumwonyesha kama amezidisha ni ulimi wake. Akitembea huku aweza kuzungumza nawe maneno mazima mazima, mwendo huo wamfaa. Ikiwa akata neno katikati ili apate hewa, apunguze. Na mizani nyingine ni kesho yake: akiamka amechoka kwa mwendo wa jana, basi jana alizidisha.

Juu ya kutembea, ainuke kitini na kukaa tena mara tano, bila kujivuta kwa mikono kama aweza, kisha baadaye mara kumi. Jambo hili ni dogo, lakini huyajenga mapaja, na mtu mwenye mapaja hahitaji kushikwa mkono aendapo chooni.

Wakati nao utazamwe. Katika Mkoa wetu wa Katavi, jua la Septemba na Oktoba kabla ya mvua si jua la kuchezea. Mgonjwa atembee asubuhi baada ya sala ya Alfajiri kukiwa kumekucha, au jioni jua likipoa. Asitembee mara tu baada ya chakula. Angoje kama saa moja. Tena lipo jambo ambalo wagonjwa huona haya kulisema: dawa ya kutoa maji humtuma haja mara kwa mara, naye huogopa kwenda mbali na nyumba asije akaaibika. Watu wa nyumbani walijue hilo bila kumwuliza. Atembee kabla ya kumeza dawa hiyo, au baada ya saa chache ikiwa imekwisha fanya kazi yake, na njia yake iwe karibu na nyumba za jamaa.

KITI CHENYEWE

Jambo jingine ambalo watu hawalitambui ni kwamba mtu aweza kutembea dakika 30 asubuhi, kisha akakaa saa kumi zilizobaki, na kukaa huko kukala faida aliyoipata. Kwa hiyo pamoja na kutembea, kiti nacho kikatwe vipande vipande. Kila nusu saa, au saa isizidi, mgonjwa ainuke, anyoshe miguu, aende hata dirishani na kurudi.

Twaweza kujifunza hapa kwa ndugu zetu Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, waishio kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Wachunguzi waliowapima waliona kwamba nao hupumzika karibu saa kumi kwa siku, kama watu wa mijini. Lakini sehemu ya mapumziko yao ni ya kuchuchumaa au kupiga magoti, wala si ya kuegemea kiti, hivyo misuli ya miguu haifi ganzi. Tena katika saa zao za kazi hupata zaidi ya saa mbili za mwendo wa wastani hata wa nguvu kila siku. Hatumwambii mgonjwa wa moyo achuchumae, kwa sababu wengi wao wakiinama au kujikunja huzidiwa na pumzi. Twachukua tu mafunzo ya kwamba kupumzika ni haki ya mwili, ila msuli usiachwe ukalala kabisa.

Dawa nzuri ya kiti ni kazi. Mrudishieni mgonjwa kazi zake nyepesi. Achambue mchele akiwa amesimama mezani, apukuchue mahindi, amwagilie mchicha kwa kopo, akusanye mayai, akunje nguo, apange bidhaa za rafu ya katikati dukani. Aende mwenyewe kunawa badala ya kuletewa bakuli. Bali kubeba ndoo ya lita 20, kutwanga, kupasua kuni, kusukuma toroli, na kulima katika jua kali, hayo ayaache. Hasa kila kazi imfanyayo azuie pumzi na kukaza tumbo, maana hapo presha hupanda ghafla.

Twawakumbusha pia juu ya kina mama. Mwanaume mgonjwa walau barazani huona watu. Mama mgonjwa aghalabu hufichwa chumbani, na kwa kuwa hazoei kutoka peke yake, hukosa hata mwendo wa mwembeni. Binti zake na wakwe zake wamtembeze uani asubuhi na jioni, wakizungumza naye. Ua ukiwa mdogo, mizunguko iongezwe.

SALA YA MGONJWA NA MAFUNZO YAKE

Wasomaji wetu wengi huuliza juu ya sala ya mtu wa hali hii, nalo jambo hili lagusa mazungumzo yetu. Kila mwanafunzi wa chuo aijua hadithi ya Imran bin Huswain, Mwenyezi Mungu amridhie, iliyopokewa na Bukhari: Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza asali kwa kusimama; asipoweza, kwa kukaa; asipoweza, kwa ubavu. Basi mgonjwa ambaye akisujudu hubanwa na pumzi, ana ruhusa ya kuashiria kwa kichwa, na sala yake ni kamili, wala asijilazimishe kwa kuona haya mbele ya jamaa.

Lakini tuitazame hadithi hiyo kwa upande wake wa pili. Ruhusa imefungwa kwa kutoweza. Awezaye kusimama katika faradhi hana ruhusa ya kukaa kwa sababu tu wanawe wamemwekea kiti na kumwambia, "Baba, wewe sasa ni mgonjwa." Awezaye kusimama rakaa moja asimame hiyo, kisha akae katika ile iliyomshinda. Tazameni jinsi kipimo hiki kilivyo sawasawa na kile cha matabibu wa leo: mtu asibebeshwe asichokiweza, wala asinyang'anywe anachokiweza.

"WATU WATASEMA"

Najua, atasema msomaji, lakini majirani je? Kweli hilo ndilo zito kuliko yote. Mwana akionekana amekaa na baba yake mgonjwa ashika ufagio, mtaa mzima utasema, "Tazama, wamemgeuza mzee mtumwa wao." Binti akimwacha mama yake aende dukani kwa miguu, shangazi atakuja jioni kuuliza kama nyumba hii imekosa watoto. Kwa hofu ya maneno hayo, watu humkalisha mzazi wao hata miguu yake ikafa, na mtaa ukawasifu kwa kumtunza.

Twawaomba maimamu, walimu wa vyuo na wazee wa mitaa watusaidie hapa. Ajaye kumjulia mgonjwa hali asimwambie "usiinuke", aseme, "Inuka, Mzee, tufike pale mwembeni, kisha turudi." Ziara ya namna hiyo ina thawabu ya kumtembelea mgonjwa na ina tiba ndani yake. Na mgonjwa akionekana ufagioni, watu wauliza kwanza daktari wake amesema nini, kabla ya kuilaumu nyumba.

Nanyi vijana, msidhani maneno haya ni ya wazee tu. Mwaka 1953 daktari mmoja wa London, Jerry Morris, na wenzake walitangaza uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya mji ule. Dereva alikaa kutwa nzima. Mkata tiketi alipanda na kushuka ngazi. Maradhi ya mishipa ya moyo yaliwashika madereva zaidi kuliko wakata tiketi, ijapokuwa basi lao lilikuwa moja. Leo hapa Ilembo kijana hushinda juu ya pikipiki, fundi hushinda juu ya cherehani, mwenye duka hushinda nyuma ya meza, na jioni wote huinamia simu. Tena presha, ile iharibuyo mioyo mingi kuliko kitu kingine katika nchi yetu, haina kelele. Inukeni, tembeeni, punguzeni chumvi, na mkapimwe presha mngali wazima.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mwenye mgonjwa nyumbani aanze juma hili hili. Aende naye kwa daktari na yale maswali matatu. Akipewa ruhusa, amrudishie kazi moja katika kazi zake za zamani, iliyo nyepesi kuliko zote, na amtembeze dakika tano. Kisha baada ya mwezi atazame katika daftari amefika mti wa ngapi.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie sisi tulio wazima kuwatunza kwa huruma yenye maarifa. Wabillahi taufiq.